Mjomba Katumiwa Kadi ya Mgeni, Sasa Harusi Yangu ya Mlimani Haina Ndugu

Admin, habari za kazi. Jina langu naomba ulifunike, maana ndugu zangu wengi wamo humu, wanasoma kila kitu ila hawakomenti. Mimi ni dada wa miaka thelathini na moja, fundi cherehani hapa Mtwara mjini, nimepanga chumba Likombe. Kwetu ni Ziwani, na shida yangu imeanzia huko.

Nimeshona sare za harusi za watu mpaka neno harusi lilikuwa linanichosha. Kina mama wanakuja kupimwa huku wanagombana kwenye simu: nani atakaa meza ya mbele, nani hajatajwa na MC, kamati gani imekula hela. Mimi na futi yangu shingoni nasikiliza tu. Nikasema yangu haitakuwa hivyo. Mwenyezi Mungu akanipa mwanamume mwenye mawazo kama yangu. Ni mwalimu, kwao Lushoto, anafundisha huko juu Newala. Siku za mwanzo aliniambia, "Mimi nimezaliwa mlimani. Huku chini kwenu nahisi nimevaa sweta mchana kutwa." Nilicheka sana, nikampenda hapohapo.

Tukapanga harusi yetu wenyewe. Hakuna ukumbi, hakuna sare, hakuna kamati. Ndoa ifungwe asubuhi huko Newala, juu kabisa, ukingoni mwa mlima, pale ambapo bonde la Ruvuma lote liko chini yako. Magari yaishie barabarani, kipande cha mwisho wote tutembee kwa miguu, mwenye cheo na asiye na cheo, wazee tuwashike mkono. Kwao walete viazi na matunda ya baridi, kwetu tulete muhogo, nazi na kisamvu, vyote vipikwe pamoja na kina mama wa pande zote mbili. Hiyo ndiyo ilikuwa furaha yetu. Hata sheikh wa huko alipenda.

Tukagawana kazi. Mimi nguo na chakula, mwalimu kadi. Nikampa namba za ndugu zangu zote, naye akatengeneza kadi nzuri kwenye simu, akamtumia kila mtu yenye jina lake. Juu imeandikwa familia ya baba yangu inayo furaha kukualika. Chini, kwenye nafasi ya mwalikwa, kadi ya mjomba wangu ikaandikwa jina lake.

Wa kusini mmeshashika kichwa, najua. Kwa wengine nieleze. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na kaka wa mama ndiye mwenye shughuli. Posa yangu aliipokea yeye. Mwalimu alikuwepo, lakini kwao kila kitu ni baba, kwa hiyo alidhani mjomba anamsaidia tu baba kukaribisha wageni. Mtu anayetakiwa kusimama mlangoni akaalikwa kama jirani.

Mjomba hakugomba. Alijibu ujumbe mmoja tu: "Ahsante kwa mwaliko. Nafasi ikipatikana nitakuja." Kundi letu la harusi kwenye simu lilikuwa linapiga kelele mchana na usiku. Akajitoa mama mkubwa, wakafuata binamu zangu, mwisho akajitoa somo yangu, aliyenifunda mimi. Nilimpigia baba, akasema, "Mwanangu, uwalii wa kukuozesha ni wangu, hilo dini imemaliza. Lakini hapa Ziwani na mimi nilikuja kuoa tu. Mjomba wako akikaa nyumbani, wote wanakaa." Mama nikimpigia ananiuliza kama nimekula, nikitaja harusi anasema mtandao unasumbua.

Nikapanda bodaboda, nikaenda kumwomba radhi. Jamani, nyumba ile nimekulia. Nimefagia ule uwanja, nimepigwa humo kwa kuchelewa kisimani. Nilipiga magoti, nikasema, "Mjomba, shikamoo. Tumekosea, nisamehe." Akaitikia vizuri, uso mkunjufu kabisa. Akaagiza kiti. Kiti, mimi! Nilitaka kwenda jikoni kumsaidia mkewe kama siku zote, mjomba akasema, "Hapana, kaa. Mgeni haingii jikoni." Nikaletewa soda kwenye sinia. Tukaongea habari za mvua na mikorosho. Nikiingiza neno la harusi, ananikaribisha soda. Wakati wa kuondoka alinisindikiza mpaka barabarani na kunishukuru kwa kuwatembelea. Heri angenichapa. Nililia kwenye ile bodaboda mpaka dereva akapunguza mwendo.

Baadaye somo ndiye aliyenitumia neno kwamba mjomba atalainika harusi ikirudi Ziwani, uwanjani kwake, na yeye ndiye aalike watu. Nikamwambia mwalimu. Kuhusu kadi alishaomba msamaha, na alitaka kwenda mwenyewe, nikamzuia nikidhani mimi nitaweza. Lakini mlima hauachi. Alisema, "Nimekosa adabu, nakubali. Ila tukihamisha harusi leo, kesho atatupangia na pa kuishi. Hiki kitu tulikijenga wawili." Tangu hapo tukipigiana simu tunaongelea sufuria na turubai, basi.

Shule zikifungwa tu ndiyo harusi. Kwao Lushoto wameshajipanga kuja, wazee kwa vijana. Kwetu hajathibitisha hata mmoja. Gauni limeisha, nimelishona mwenyewe, na kila bibi harusi niliyewahi kumshonea alikuja kujaribu gauni na ndugu zake wakimzunguka, wanamcheka, wanamfunga kamba za mgongoni. La kwangu nimelijaribu juzi mlango umefungwa. Kamba za mgongoni sikuzifikia.

Nikiushusha mlima, nitamvunja mwanaume aliyenisikiliza kuliko mtu yeyote. Nikipanda, nitaolewa kama mtu aliyeokotwa. Wenye kuzijua mila za kwetu, na nyie mlioolewa mbali na ndugu, niambieni ukweli hata kama unauma: asubuhi hiyo nielekee wapi?