Gauni la Marehemu Shoga Yangu Limejaa Mji Mzima

Wapendwa, nifichieni jina, mji wetu mdogo na watu wanajuana. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, naishi Chuno hapa Mtwara. Elimu yangu darasa la saba, lakini nikikaa kwenye cherehani sina mpinzani. Na kuzaa nimezaa! Binti yangu ana miaka ishirini na nne. Anachora vipimo vya nguo, anavipiga picha, anaweka mtandaoni na maelezo: kata hapa, unga hapa. Bure kabisa. Mafundi wenzangu walimcheka, "Mwanao anagawa ugali wenu!" Yeye akawajibu, "Mtu mwenye sindano yake asinyimwe nguo." Mwenye mtoto kama huyo ajitokeze nimwone.

Gauni lililompa jina ni moja, wanaliita gauni la bega. Alilikuta kwenye karatasi zangu za kukatia, zile za mfuko wa saruji. Akaniuliza, "Mama, mbona bega la kushoto limeshuka vidole viwili? Ulikosea?"

Kiburi kikanipanda. "Mimi nikosee? Huo ndio mtindo wenyewe."

Basi akawaandikia watu maelfu: limebuniwa na mama yangu, bega msilirekebishe.

Jamani, si langu. Karatasi zile ni za shoga yangu, hapa nitamwita Somoe. Tulishona kwenye kibaraza kimoja miaka kumi na moja. Utotoni alianguka kwenye mkorosho, bega lake la kushoto likabaki chini, ndiyo maana akajikatia gauni la kumkaa yeye. Nilipomwomba zile karatasi alinicheka, "Shoga, hizi za mwili wangu. Ukiwakatia watu utawapindisha!"

Alifariki kwa uzazi. Siku ya tatu ya msiba, ndugu hawajakaa hata kugawa vitu vyake, nilizichomoa chini ya cherehani yake nikazificha ndani ya kanga. Arobaini ilipofika nikaitikia dua kama wenzangu. Lakini kuzikatia nguo sikuthubutu, zikakaa sandukuni mpaka binti yangu alipozikuta.

Sasa Somoe yuko kila mahali. Yuko sokoni, yuko kwenye foleni ya maji. Idi hii nilikwenda Shangani kupunga upepo, mbele yangu wanatembea wasichana watatu, mabega yao ya kushoto yamelala. Wote migongo ya Somoe. Nikakaa chini na gauni langu jipya. Nyumbani nikiona binti yangu anakata jingine, natoka nje nasingizia jua la kuanika mihogo.

Ningevumilia, ila kuna mama yake Somoe, mtu mzima sana, anakaa Rahaleo. Mwezi uliopita alimkimbilia msichana mwenye gauni lile barabarani, akamkumbatia kwa nyuma, "Somoe mwanangu, ulikuwa wapi?" Yule msichana akapiga kelele, watu wakajaa. Tangu hapo wanawe wanamfungia ndani. Wanasema akili zimeruka, na Ijumaa hii wanampeleka kijijini akafanyiwe dawa.

Nilikwenda kumjulia hali. Akanishika mkono, "Mwanangu, wewe ulikaa naye. Wanasema nimechanganyikiwa. Mgongo nimeuosha mwenyewe tangu akiwa mchanga, leo nisiujue?"

Neno la kumtetea nilikuwa nalo mdomoni. Nikasema, "Pumzika, mama," nikachukua viatu vyangu.

Nikisema ukweli, yule mama ataaminiwa. Lakini binti yangu atajua jina aliloliweka mbele ya watu wote ni la mama aliyemwibia maiti. Leo asubuhi kaniambia, "Mama, wewe ndiye fahari yangu," nikainuka na kikombe changu nikaimwaga chai nje.

Enyi wenye wazazi na wenye watoto, leo ni Jumatano. Nianze kwa nani, kwa mwanangu au kwa yule mama, na nikishafika mlangoni nisemeje?