Mama Mkwe na Mpira wa Sketi

Usiku ule nililala nimenuna, nimempa mume wangu mgongo. Asubuhi yake tulitakiwa kumpeleka Rehema wetu, mtoto wa miaka sita, hospitali akazibwe tundu la moyo, na karatasi ya ridhaa ilikuwa bado mezani bila saini ya baba yake. Daktari alishaeleza mpaka akachoka: kifua hakipasuliwi, wanapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja hadi moyoni. Baba Rehema kang'ang'ania lake: "Marehemu mama alikataza kisu." Marehemu, marehemu, kila siku marehemu! Na mtoto akipanda ngazi tatu tu, anakaa chini anahema.

Usingizi ukanichukua hivyohivyo na hasira zangu. Nikajikuta jikoni kwa mama mkwe, nyumba iliyokwisha kubomolewa. Yuko kwenye kigoda, kanga kiunoni, anatia mpira kwenye sketi ya shule ya Rehema. Katoboa katundu kwenye mshono, kafunga pini kwenye ncha ya mpira, anaisukuma kwa vidole, nayo inatambaa ndani ya kitambaa. Mara jikoni si jikoni, ni wodi. Sketi ile kaivaa Rehema, kalala kitandani, na pini bado inatembea. Nataka kupiga kelele, sauti haitoki.

"Nimefumua sketi?" mama mkwe ananiuliza.

"Hujafumua, mama."

"Sasa! Nilikataa mjukuu wangu kufumuliwa kifua. Pini nilikataa lini? Nimekufa, bado mnanisingizia!"

Nami nikapandwa na mori. "Si umwambie mwanao mwenyewe? Mimi nitaaminiwa na nani?"

"Huyo akilala ni gogo. Mwambie kaptula ya kijani, mstarini."

Nikaamka, kunapambazuka. Nikamtikisa baba Rehema, nikamsimulia yote bila hata salamu. Akaguna, akajivutia shuka.

"Ndoto zako hizo, mama Rehema."

"Haya, na kaptula ya kijani, mstarini, ni ndoto yangu pia?"

Akaketi wima. Kumbe alipokuwa darasa la pili mpira ulimkatikia mstarini, kaptula ikaanguka shule nzima ikitazama. Mama yake, aliyekuwa akipika uji palepale shuleni, akaja mbio na pini na mpira mpya, akampandishia kaptula, akautia. Miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kunisimulia, kwa aibu.

Akajifuta uso kwa kiganja.

"Hata kaptula hakunivua," akasema. "Aliutia mpira vilevile nimesimama. Lete kalamu."