Mnada wa Senti Tano kwa Gesche Harms

Mama mdogo Gesche Harms hakumwamini mtu aliyekuja kwake bila kuitwa, na waliokuja kwa kuitwa aliwaamini nusu. Ukimpelekea mayai, atayanusa kwanza. Ukiisifu chai yake, atakuuliza umekuja kuazima nini. Mimi ni mtoto wa dada yake, na bado alikuwa akiniangalia mikono nikitoka jikoni kwake.

Hakuzaliwa hivyo. Wakati wa vita na Ujerumani, gavana wetu hapa Iowa, Marekani, alipiga marufuku kila lugha isiyokuwa Kiingereza, kanisani, barabarani, hata kwenye simu. Bibi, mama yake, alikuwa mgonjwa kitandani ng'ambo ya mto, na Kiingereza alichokijua ni cha kufukuzia kuku. Mama mdogo akampigia, wakazungumza Kijerumani chetu cha nyumbani. Simu za shambani zilikuwa za waya mmoja kwa nyumba nyingi; kengele ya mwenzio ikilia, nawe unainua yako usikilize. Sote tulifanya hivyo, tusidanganyane. Siku ile, katikati ya maongezi, akasikia saa ya ukutani ikigonga ndani ya simu. Saa ya mlio ule ilikuwa ya Bi Ida Lindgren, Mswidi, jirani yake wa uzio mmoja.

Haukupita muda akaitwa mbele ya kamati ya marufuku hiyo mjini, akatozwa faini na kuombeshwa radhi mbele ya bendera. Akaogopa kupiga simu tena, na bibi akafa wakiwa hawajaongea. Hapo akaing'oa simu ukutani. Huenda Bi Ida ndiye aliyesema, huenda ni mwingine aliyejibana kimya kwenye waya. Hakuna aliyewahi kukiri. Kwa Gesche kesi ilikwisha. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, "na wangu ana saa."

Kisha ikaja ile miaka ya ajabu ya uchumi kuporomoka, mahindi yakawa rahisi kuliko makaa, tukayachoma jikoni tupate joto. Mama mdogo alikuwa amekwisha kuwa mjane. Benki ikatangaza kwamba wanyama wake na vyombo vyake vya shamba vitapigwa mnada uani kwake kulipia deni. Mengine angeweza kuyaacha yaende, lakini si Bles na Lotte, farasi wake wawili wa jembe. Bila wao, shamba ni nyasi tu.

Majirani walikuwa na dawa ya minada hiyo. Wanajaa uani, wanataja senti, hakuna anayepandisha, na jioni kila kitu kinarudi kwa mwenyewe. Mgeni akifungua kinywa anaonyeshwa kitanzi kinachoning'inia mlangoni mwa ghala. Mambo hayo yalipangwa kwa simu, na yeye simu hana. Nikaenda mwenyewe kumwambia.

"Nani kakuambia wewe?" akauliza.

"Bi Ida. Anapigia nyumba zote. Mumewe Nels ndiye atakayewataja farasi."

Akamimina chai juu ya sukari ya mawe, akaisikiliza ikipasuka kikombeni mpaka ikaacha kulia.

"Na wakishanunuliwa kwa senti tano, Nels atawarudisha?"

"Ndiyo, mama mdogo."

"Mtoto wewe, umekua bure. Haya, nimesikia."

Nilipaswa kuishuku ile "haya" yake. Kesho yake alipanda gari la maziwa hadi wilaya ya jirani, akamtafuta mfanyabiashara wa farasi aitwaye Purcell, akamwalika aje atoe bei ya haki. Hakumwambia mtu.

Siku ya mnada uani palijaa makoti meusi. Jembe likaenda kwa senti kumi, ng'ombe kwa senti ishirini na tano. Mtu wa benki alikuwa amekunja uso, kitanzi kikibembea nyuma yake. Wakaletwa farasi. Nels Lindgren akasema, "Senti tano, wote wawili."

"Dola sitini," akasema Purcell.

Wanaume wakamzunguka. Mmoja akamshika kola. "Bwana, umepotea njia. Nani kakuita huku?"

"Mimi," akasema Gesche kutoka barazani. "Mwacheni. Mlitaka kunila kwa senti tano?"

Walikuja kumpigania, na sasa wangepigana na nani? Wakampisha Purcell. Dalali akagonga nyundo, fedha zikaingia benki, Bles na Lotte wakafungwa nyuma ya lori. Nels akamletea hatamu alizokuwa amezinunua mwanzoni.

"Chukua, Bi Gesche. Na wale leo wangelala hapa hapa."

Mama mdogo akazipokea. Alizishika zile hatamu, akalitazama lori mpaka likapotea. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia vilevile.

Majira ya kulima yalipofika, Nels alikuja na farasi wake mwenyewe, akaanza kulima shamba la mama mdogo bila kusema neno. Tulisimama dirishani.

"Anataka nini huyu?" akaniuliza.

"Anataka kulima, mama mdogo. Umuombe aingie, anywe chai."

Akamtazama Nels akigeuza jembe mwisho wa shamba. Kisha akachukua kufuli, akatoka, akaenda kufunga zizi la farasi, ambalo halikuwa na mnyama hata mmoja.