Hema la Kwenda kwa Shangazi

Juzi, katika duka moja hapa Dodoma, nilimkuta kijana akichagua hema la mtumba. Alikuwa anapanga kutembea kwa miguu na kulala porini kwenye hifadhi moja kame, jirani na kijiji cha shangazi yake. Mama yake alilitandaza hema sakafuni, akalipima kwa khanga, akatikisa kichwa.

"Ulale nje na shangazi yako yupo? Watu watasema amekunyima pa kulala."

"Mama, haya ni matembezi tu."

"Haya, mwanangu." Akamgeukia mwenye duka. "Mpe la watu wawili. Shangazi yake hatakubali alale peke yake."

Kijana akacheka, akabeba lile kubwa.

Tangu biashara iwe huria, madukani kumejaa kila kitu. Hema la kumkwepa shangazi bado halijaingia nchini.