Herufi Mbili za Mbele

Mwalimu wetu wa Kiingereza, katika shule ya msingi karibu na Muthetheni, alikuwa na kanuni moja aliyoipenda kuliko alivyotupenda sisi. Alichora mstari katikati ya ubao. Upande mmoja aliandika maneno, na upande wa pili akayaandika tena yakiwa yameongezewa kitu mbele: happy na unhappy, possible na impossible, honest na dishonest. "Mkiona un, in, im au dis," alisema, "jueni hapo kuna mtu amenyimwa kitu." Kisha fimbo ikaanza kutembea kutoka dawati hadi dawati. Mimi haikunigusa hata siku moja, na aliisifu lafudhi yangu mbele ya darasa zima.

Baba, tata kama tulivyomwita, hakusoma. Madaftari yangu aliyaweka kwenye sanduku la bati pamoja na hati ya shamba, na sokoni aliwaambia watu kwamba huyu msichana ndiye mdomo wake. Barua za chifu, maandishi kwenye chupa za dawa ya ng'ombe, yote niliyasoma mimi. Nilijiona sana, na sioni haya kulikiri.

Kaka yangu, mkubwa wangu na mtoto mwingine pekee wa baba, alikuwa na akili ya aina nyingine. Mwaka mmoja wa kiangazi aliwauzia watu wa malori mchanga wa mto unaopita chini ya shamba letu, bila kumwambia mtu. Walichimba mpaka ukingo ukaporomoka na kubeba miti yote ya machungwa ambayo mama, aliyekuwa ameshafariki, alikuwa ameipanda. Baba alimsimamisha uani akamtamkia kiumo: "Usikanyage hapa tena, hata siku ya kunizika."

Kiumo ni laana ya mzazi. Kwetu haiondolewi na mchungaji wala na mahakama. Inaondolewa na mdomo uleule ulioitamka, mzazi akimtemea mwanawe maji kifuani na kuyafuta maneno yake. Mzazi akifa kabla ya hapo, basi imebaki. Sisi ni watu wa kanisa, na ukituuliza tutakuambia hatuamini mambo hayo. Lakini simjui mtu hata mmoja aliyethubutu kuvuka kiumo.

Baba alipoanza kukonda na kushindwa kumeza, mimi nilikuwa nafanya kazi kwenye kiwanda cha nguo EPZ, Athi River, nikikagua mishono ya mashati. Niliomba ruhusa nikampeleka hospitali mjini Machakos. Daktari alikuwa kijana mwenye macho ya mtu asiyelala. Aliitazama picha ya eksirei, akanigeukia mimi, si mgonjwa.

"It's inoperable," akasema. "Utamwelezea pole pole, sawa?" Kisha akaita mwingine.

Sikuhitaji kamusi. Hakuna kisu ambacho kingemsaidia baba yangu. Yeye alikuwa amekaa na kofia gotini, akinitazama mdomo.

"Amesema nini?"

"Amesema watakupasua, tata. Lakini kwanza urudi nyumbani upate nguvu."

Nilikata herufi mbili za mbele nikampa zilizobaki. Wakati ule niliiita huruma. Leo naiita woga, kwa sababu kilichonishinda ni kuuona uso wake.

Alifurahi. Alijilazimisha kunywa uji. Aliwatangazia majirani kwamba anangoja kuitwa na hospitali. Jumapili moja nilienda kumwona, nikamkuta barazani amejifunga blanketi kwenye jua kali.

"Nikitoka operesheni," akasema, "nitaita kaka yako. Nitaondoa ile maneno. Nimechoka nayo."

"Si umwite sasa, tata?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Sasa? Mtu akiitwa aondolewe kiumo, mzee akiwa amelala kitandani, si atajua mzee anaenda? Hiyo ni ya watu wanakufa, mwana wakwa. Mimi niko na operesheni."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Hakukuwa na mtu mwingine, na alikuwa ananisikiliza. Nilisema nakwenda kumpikia chai, nikaingia jikoni nikapiga magoti, nikapuliza moto uliokuwa ukiwaka vizuri. Kumpigia kaka simu nako niliogopa, maana angeniuliza baba anaumwa nini.

Alikufa Alhamisi asubuhi. Nilikuwa kazini, nimeshika shati. Jirani aliyekuwa naye aliniambia jambo la mwisho alilouliza ni kama hospitali imenipigia kunipa tarehe. Sijawahi kuyasamehe maneno hayo, wala aliyenipa, ingawa hana kosa lolote.

Siku ya mazishi kaka alikuja. Alisimama nje ya ua wa katani, barabarani, amevaa suti ya kuazima. Mtoto wa kwanza ndiye aliyetakiwa kutupa udongo kabla ya wengine, na watu walimwita. Mchungaji akatoka akamshika mkono, akamwambia damu ya Yesu imeshamaliza hayo yote. Kaka aliitikia amina na hakusogeza mguu.

Nikamwendea. Tulisimama, katani katikati yetu, nikamwambia yote: daktari, kofia gotini, chai. Nikamwambia baba alitaka kumwita na alikuwa anangoja apone kwanza, na kwamba aliyemfanya angoje ni mimi.

Nilitarajia kofi na ningelipokea.

"Hiyo neno ya daktari," akauliza, "ilikuwa inasema aje?"

Nikalitamka. Safari hii nililitamka lote, na herufi zake mbili, kwa lafudhi ileile safi iliyosifiwa na mwalimu. Kaka alilirudia mara moja, polepole, kama mtu anayejifunza. Kisha akageuka akashika njia ya kurudi alikotoka, na nyuma yangu majembe yakaanza.