Karatasi ya Hema la Kumi na Saba

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hunijia hata nikiwa nimetulia nachambua maharage yangu, na ikinijia naacha kuchambua. Wiki hii nimekuona unavyohangaika na kazi zako za chuo, hii ya sosiolojia, ile ya biashara, nyingine ya kemia. Jana nikakusikia unamwambia mwenzako kwenye simu, "Ile ya sosio nitaitunga tu." Ukacheka. Mimi sikucheka. Kaa hapa kidogo, chai yako haijapoa.

Nilikuwa na umri kama wako, mwaka wa kwanza chuoni hapa Goma, na vita vilikuwa vimewasukuma watu kutoka Rutshuru mpaka kambi ya Mugunga. Walimu wetu watatu, wa sosiolojia, biashara na kemia, walikubaliana kutupa kazi moja yenye miguu mitatu. Twende kambini tuwaulize watu wa mahema arobaini habari za familia zao. Tuandike wanauza nini na wanabakiwa na nini. Kisha tujaze chupa ya maji ya tangi lao tukayapime, majibu yapelekwe kwa watengeneza matangi wa kambi. Kila mwanafunzi alipewa bloku yake, yaani fungu lake la mahema. Yangu ilikuwa ya nane.

Mimi nilikuwa hodari wa hesabu, na sifa za hesabu zilikuwa zimenilevya. Kuuliza watu habari zao niliona ni kazi ya wasio na akili. Tena Mugunga ni mbali na mtaa wa Birere tulikokaa, na mizinga ilisikika upande wa Sake, basi nikaifanya hiyo sababu. Lakini wenzangu walikwenda, mwanangu. Wangu ulikuwa uvivu, nauita kwa jina lake. Nilikaa mezani kwa mama yangu siku mbili, nikazaa familia arobaini kwa kalamu. Niliwapa umri, vijiji, vimeza vya sabuni na makaa. Chupa niliijaza maji ya mvua kutoka kwenye pipa letu. Na ili uongo usifanane mno, hapa na pale nikaua mtu. Katika hema la kumi na saba nilimweka mama wa Kiwanja, mji wa kule Rutshuru, muuza chumvi, mwenye wavulana watatu na msichana wa mwisho, Kahindo, miaka mitano. Mbele ya Kahindo niliandika: amefariki.

Nilipata alama nzuri, usishangae. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mwanzoni huwa tambarare. Mwalimu wetu wa sosiolojia, Papa Bahati, mtu mpole asiyejua kupaza sauti, alizisoma zote. Wiki moja baadaye akaniita, karatasi ya kumi na saba mkononi, na kilo ya sukari kwenye mfuko.

"Twende tumupe huyu mama pole," akasema. "Mutu hawezi kufiwa na mutoto, sisi tubakie na karatasi tu."

Ningekataaje? Kwetu kumjua mfiwa na kutomwendea ni aibu. Njiani niliomba hema hilo lisiwepo. Nilishapanga uongo mwingine, kwamba wamehama.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa umelalia yale mawe meusi ya volkano, na kambi ilikuwa kimya, mwanangu. Kambi haiwi kimya. Kuna watoto, kuna milio ya vinu, kuna ugomvi wa mstari wa maji. Bloku ya nane wanawake walikaa milangoni wakitutazama tu, wala hakuna aliyetuuliza tunamtafuta nani. Tukafika kwenye turubai lililoandikwa kwa mkaa, 17. Nje alikaa mama, mbele yake gunia lenye vifungu vidogo vya chumvi. Nyuma yake wavulana. Niliwahesabu. Walikuwa watatu.

Papa Bahati akavua kofia.

"Pole sana, mama. Tunatoka ku chuo. Tulisikia musiba ya Kahindo."

"Musiba gani, papa?" Mama akasimama. "Kahindo iko mu hema. Iko nalala."

Papa Bahati akaitazama karatasi, akaisoma polepole kwa sauti: Kiwanja, chumvi, wavulana watatu. Kwa kila neno mama alisema, "Njo miye," yaani ndiye mimi. Kisha akauliza nani ametuambia hayo yote.

"Huyu mwanafunzi njo alikuuliza."

"Huyu dada?" Akanisogelea mpaka nikasikia pumzi yake. "Sijamuona hata siku moya."

Sasa wewe ni Mnande, unajua majina yetu yanakwenda kwa mpangilio. Msichana anayezaliwa baada ya wavulana watupu ni Kahindo, mzazi hahangaiki kulitafuta. Na nusu ya Kiwanja ilikuwa imehamia kambini. Hayo nimejieleza miaka mingi. Lakini hema lile, na ile chumvi, nilivitoa wapi? Mpaka leo sijui, na kutojua kwenyewe kunanitisha.

Mama alifunua turubai. Mtoto alikuwa amelala juu ya jiwe lililotandikwa mkeka, macho yamezama, midomo imekauka. Alikuwa anahara tangu juzi. Bloku nzima ilikuwa inahara.

"Futa," mama akaniambia. "Futa ile neno kwanza, njo tumuinue."

Wino haukufutika. Nikakwaruza kwa ukucha mpaka karatasi ikatoboka. Ndipo akamwinua mtoto, akamfunga mgongoni mwangu kwa kitenge, akakaza fundo kwa nguvu. "Wewe njo ulimuua. Wewe njo utamubeba."

Nilikimbia kwenye yale mawe kuelekea kituo cha afya, mama na Papa Bahati nyuma yangu. Mtoto alikuwa mwepesi mno. Katikati ya njia nikasikia mdomo mkavu kwenye sikio langu, ukiniita kama dada mkubwa.

"Yaya, njo wewe ulikuwa naniita?"

Nikakaza fundo la kitenge, nikaongeza mbio.

Walimtundikia maji ya dawa. Jioni alifumbua macho akaomba ndizi, nami nikalia mbele za watu bila haya. Papa Bahati alikuwa ameshachota maji ya tangi mwenyewe. Yalinuka. Chupa yangu ya mvua ilikuwa imewaambia wale wanaotengeneza matangi kwamba bloku ya nane iko salama, nao wakaanza na bloku nyingine.

Walimu wote watatu walinipa sifuri, nikarudia mwaka. Papa Bahati hakunigombeza. Alisema tu, "Hesabu ukiidanganya, yenyewe itakusuta. Watu ukiwadanganya, karatasi inanyamaza. Njo maana kazi ya kuuliza watu inaomba woga zaidi."

Lakini siyo hiyo inayonifanya niache kuchambua maharage. Tuliporudi jioni ile kuwachukua wale wavulana tuwapeleke kwa mama yao kituoni, kwenye hema la jirani wanawake walikuwa wamekaa chini, vichwa vimefungwa vitambaa. Walikuwa wamemzika mvulana siku mbili kabla. Nilipofika nyumbani nilimtafuta katika karatasi zangu arobaini. Hakuwemo. Ningekwenda siku niliyotumwa, ningemkuta anacheza.

Basi sikia, mwanangu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kazi unayoidharau anza nayo, asubuhi, kichwa kikiwa bado chako. Usilibuni jibu ambalo kuna mtu hai wa kuulizwa. Usipime maji ya pipa lako ukasema ni ya wengine. Na ukishindwa, nenda kwa mwalimu useme umeshindwa. Sifuri ya mtu mkweli haimziki mtoto wa mtu.

Mungu akupe miguu ya kufika na masikio ya kusikiliza. Akupe walimu wenye roho kama ya yule. Na kila utakayeandika jina lake, umkute mlangoni kwake, mzima.