Mafarao Watano wa Sebuleni

Nimemwaibisha binti yangu mbele ya darasa zima, tena bila kutoka sebuleni. Achieng' alipewa kazi ya shule kuhusu Farao. Nilipoona kitabu kina majina matano ya kifalme, sikusoma zaidi. Mimi, mtaalamu wa kila kitu nikiwa kwenye kochi, nikamchorea wafalme watano, kila mmoja na taji lake.

Jana alirudi analia. "Daddy, hayo yote ni majina ya mtu mmoja! Wamenicheka!"

Mama Wanjiru, jirani yetu huku ughaibuni, alikuwa mlangoni akirudisha koleo la theluji. Akanitazama.

"Kwangu wewe ni Baba Achieng', kazini Peter, kanisani Bwana Katibu, kwa mamako Otieno. Sasa ukifa, tuchimbe makaburi manne?"